Kuondoa Kesi ya Madai: Mdai Anaacha Nini, na Nini Hakiachiki



Swali hili hutufikia kwa sura mbalimbali kutoka kwa familia za Unguja na Pemba zenye mali Bara: "Tumefungua kesi juu ya shamba la marehemu baba yetu. Wazee wa pande zote mbili wanatutaka tuiondoe kwanza mahakamani, kisha tukae nyumbani tuzungumze. Je, tukiiondoa haki yetu imekwisha? Na tukikataa, tumekata udugu?"

Jibu kwa ufupi ni kwamba kudai haki mbele ya hakimu si kukata udugu, na kuiacha haki kwa hiari ni jema likifanywa na mwenye haki mwenyewe, akijua anachokiacha. Ama kuondoa kesi "kwanza", kabla makubaliano hayajaandikwa, hilo ni la hatari. Kwa sheria ya Tanzania Bara mdai anaweza kujikuta hana tena njia ya kurudi na dai lile lile. Na katika fiqhi yapo mambo ambayo mdai hudhani ameyaacha kumbe hayaachiki kwa njia hiyo. Tutayaeleza yote mawili kwa mfano wa Morogoro, kwani huko ndiko migogoro ya namna hii inakoonekana wazi zaidi.

Uluguru na mirathi

Milima ya Uluguru imeuegemea mji wa Morogoro upande wa kusini. Mteremko wa mashariki, kuelekea Kinole, Mkuyuni na Matombo, hupata mvua nyingi, na mtu wa visiwani akifika huko hajioni mgeni: kuna karafuu, mdalasini, pilipili manga na hiliki. Wapo watu wetu wanaokwenda kwa biashara ya viungo, wapo vijana wanaosoma Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilichoanzishwa 2005 katika majengo yaliyokuwa chuo cha TANESCO, na wapo waliooa na kuolewa huko.

Waluguru ni watu wa ukoo wa mama. Mtoto huhesabiwa kwa mama yake, na ardhi ya ukoo kwa mila hubaki ndani ya ukoo huo, mjomba akiwa na sauti kubwa juu yake. Wengi miongoni mwao ni Waislamu kwa vizazi kadhaa, wenye madrasa na misikiti yao, lakini mila ya ardhi haikuondoka kwa kuingia dini. Mwanamume akifariki, wanawe wanasema shamba ni lao kwa faraidh. Wapwa zake, yaani watoto wa dada yake, wanasema shamba ni la ukoo na limerudi lilikotoka. Mara nyingi hakuna mwizi hapa. Kila upande unaamini kwa dhati kuwa ndio wenye haki.

Ndiyo maana kabla ya kuhesabu mafungu, la kwanza kuulizwa ni hili: marehemu alikuwa mmiliki au mtumiaji? Mirathi huingia katika alichokimiliki tu. Ikiwa alinunua shamba kwa fedha yake, ni mali yake, na mila haiwezi kuliondoa katika mikono ya mkewe na wanawe. Ikiwa ukoo ulimpa sehemu alime maisha yake yote, basi hakuacha ardhi. Labda ameacha mikarafuu aliyoipanda, na suala la miti kuwa na mwenyewe na ardhi kuwa na mwenyewe si geni kwetu Zanzibar. Mdai anayegundua katikati ya kesi kwamba baba yake alikuwa mtumiaji tu, hana la kuchagua. Ni wajibu wake kuondoa dai la ardhi, hata kama wakili anamwambia anaweza kushinda.

Kesi inapopita

Shauri la ardhi hufunguliwa pale ardhi ilipo. Shamba likiwa Uluguru, kesi ni Morogoro, hata kama wadai wote wanaishi Mwembemakumbi na hati ya kununulia iko kabatini kwao. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021, Baraza la Kata halihukumu tena. Kazi yake ni kusuluhisha, na limepewa siku 30. Suluhu ikishindikana ndipo shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na juu yake Mahakama Kuu, ambayo Morogoro ipo katika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki. Makadhi walio chini ya BAKWATA huko Bara wanaweza kuwapatanisha watu, lakini hukumu zao hazina nguvu ya dola kama za Mahakama ya Kadhi ya Zanzibar.

Kwa hiyo familia ya kisiwani inapanda boti, kisha treni ya SGR iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi wa Juni 2024, ili kuambiwa kesi imeahirishwa. Baada ya safari tano za namna hiyo, maneno ya "iondoeni tuyamalize nyumbani" huwa matamu sana. Tunaelewa. Lakini sikilizeni sheria inasema nini.

Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Bara, Sura ya 33, ilitungwa 1966 kwa kufuata mfano wa sheria ya India ya 1908. Ya Zanzibar, Sura ya 8, imetoka katika shina hilo hilo. Mabaraza ya Ardhi nayo huirudia Sura ya 33 pale kanuni zao zisipotosheleza. Mlango wa kuondoa kesi uko katika Amri ya 23.

Kanuni yake ya kwanza inampa mdai uhuru mpana: wakati wowote baada ya kufungua shauri anaweza kuliondoa lote, au kuacha sehemu ya dai, au kumwachilia mdaiwa mmoja akaendelea na wengine. Hahitaji ridhaa ya mdaiwa. Wanavyuoni wetu walilijua jambo hili zamani. Katika kumpambanua mdai na mdaiwa, Mahanafi walisema mdai ni yule asiyelazimishwa kuendelea na ugomvi akiuacha. Katika madhehebu ya Shafi'i kauli yenye nguvu zaidi humtambua mdai kuwa ni yule ambaye maneno yake yanakwenda kinyume na hali inayoonekana, lakini kauli ile nyingine, kwamba mdai ni yule ambaye akinyamaza huachwa, nayo imo vitabuni.

Linalofuata ndilo wengi hawaambiwi. Kuna kuondoa kesi kwa ruhusa ya kufungua upya, na kuna kuondoa bila ruhusa hiyo. Mdai akiiondoa bila ruhusa, sheria inamzuia kufungua shauri jipya juu ya jambo lile lile, na mahakama inaweza kumtoza gharama za mdaiwa. Hakuna hukumu iliyosema ameshindwa, wala hakuna shahidi aliyesikilizwa, na bado mlango umefungwa. Ruhusa ya kufungua upya haiji yenyewe. Huombwa, na mahakama huitoa ikiridhika kwamba kesi itaanguka kwa kasoro ya utaratibu, au kwamba ipo sababu nyingine ya kutosha. Inaweza pia kuweka masharti, kwa mfano gharama zilipwe kwanza.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mluguru aliyekaa Unguja miaka mingi alinunua shamba la mikarafuu karibu na Kinole, akalishika mwenyewe mpaka kufa kwake mwezi wa Machi 2014. Ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, mdogo akiwa na miaka 3. Wazazi wake walikwishatangulia. Wapwa zake wakaingia shambani. Mwaka 2023 mke na watoto wakafungua kesi kwa majina yao wenyewe, bila ya msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Wapwa wakaweka pingamizi la awali: hawa hawana mamlaka ya kushitaki kwa niaba ya mali ya marehemu.

Hii ni kasoro ya utaratibu hasa. Njia sahihi ni kuomba kuiondoa kesi kwa ruhusa ya kufungua upya, kisha kumpata msimamizi mwenye barua za usimamizi zinazotambulika na mahakama za Bara, kisha kurudi. Maneno "kwa ruhusa ya kufungua upya" yaonekane ndani ya amri iliyosainiwa. Mdai asitegemee kumbukumbu ya karani wala hakikisho la wakili.

Sasa tuseme walipata ruhusa mwaka 2024, wakarudi nyumbani, mazungumzo yakawa marefu, mara harusi, mara msiba, na msimamizi akafungua kesi mpya mwezi wa Aprili 2026. Amechelewa. Amri ya 23 inasema ukomo wa muda huhesabiwa kama vile kesi ya kwanza haikuwahi kufunguliwa. Kwa Sheria ya Ukomo wa Muda ya 1971, dai la kurudisha ardhi lina miaka 12. Kwa ardhi ambayo marehemu alikuwa ameishika mpaka kufa, miaka hiyo huanza siku aliyofariki, wala haingoji siku warithi walipojua kuwa wapwa wamo shambani. Machi 2014 na miaka 12 ni Machi 2026. Ruhusa wanayo mkononi, na pingamizi la muda litakuwa la kwanza kusomwa.

(Mbele ya Allaah Subhaanahu wa Ta'aalaa aliyeshika ardhi ya mwenzake hasafishiki kwa kupita miaka 12. Hata waandishi wa Majalla ya dola ya Uthmaniya, waliowazuia makadhi kusikiliza madai mengi baada ya miaka 15, waliandika kwamba haki yenyewe haianguki kwa kupita kwa zama. Kinachofungwa ni masikio ya hakimu tu.)

Wapo pia wanaodhani kuacha kwenda mahakamani ni njia ya kimya ya kuondoa kesi. Sivyo. Mdaiwa akihudhuria na mdai asionekane, kesi hufutwa kwa kutohudhuria, na mdai huzuiwa kufungua nyingine kwa sababu ile ile. Kilichobaki kwake ni kuomba amri hiyo itenguliwe, akieleza kwa nini hakufika, na muda wa kuomba ni mfupi.

Nani mwenye haki ya kuacha

Katika mfano wetu tugawe. Mke ana thumuni. Kilichobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Tukifanya mali yote mafungu 32, mama anapata 4, kijana 14, kila binti 7. Tuseme kijana, ambaye mafungu yake ndiyo makubwa, anaona aibu kuonekana anawashitaki watoto wa shangazi yake, naye anataka kesi iondolewe. Ana haki ya kuamua juu ya 14 zake. Juu ya 18 nyingine hana neno.

Sheria na fiqhi zinakutana hapa. Amri ya 23 hairuhusu mahakama kumpa mmoja wa wadai kadhaa ruhusa ya kujiondoa bila ya ridhaa ya wenzake. Na binti mdogo, ambaye kesi ilipofunguliwa alikuwa na miaka 12, ana ulinzi zaidi: anayemwakilisha mtoto mahakamani hawezi kufanya mapatano kwa niaba yake bila ya ruhusa ya mahakama. Katika dini ni yatima, na onyo la aya ya 10 ya Suratun-Nisaa kwa wanaokula mali za mayatima kwa dhulma wasomaji wetu wanalijua. Walii hutumia mali ya yatima kwa maslaha ya yatima. Kuwapa wapwa mafungu 7 ya mtoto ili mjomba na shangazi wasalimiane si maslaha yake. Hata mama hana uwezo huo.

Msimamizi wa mirathi naye ajichunge. Amesimama kwa ajili ya warithi wote, na kesi anayoiondoa ni yao. Asiiondoe kwa simu aliyopigiwa usiku na mzee mmoja.

Katika Mahakama zetu za Kadhi Zanzibar kanuni hiyo huonekana zaidi katika matunzo. Mke anayeondoa dai lake anaweza kumsamehe mume nafaka yake iliyopita, kwani hilo ni deni lake na linasameheka. Nafaka ya siku zijazo bado haijawa deni, kwa hiyo hakuna cha kusamehe. Na matunzo ya watoto hayakuwa yake tangu mwanzo.

"Nimesamehe" haitoshi

Wazee wengi hufunga kikao kwa kumtaka kila mrithi aseme "nimesamehe", Fatiha ikasomwa, watu wakala pilau. Katika madhehebu ya Shafi'i, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, neno hilo juu ya ardhi halifanyi kazi inayodhaniwa.

Sababu ni kwamba mirathi huingia katika milki ya mrithi kwa nguvu ya sharia, apende asipende. Hasubiri kukubali, wala hawezi kuikataa kwa kusema "mimi sitaki". Na kusamehe, kwa maana ya ibraa, huwa katika deni. Kitu chenye dhati yake, kama shamba, hakisamehewi. Hupewa mtu kwa hiba yenye kukabidhiwa, au huuzwa, au husuluhishwa kwa badali inayojulikana. Zaidi ya hayo, kusamehe kisichojulikana kiasi chake hakusihi katika kauli mpya ya Imam Shafi'i. Binti anayesema "nimesamehe fungu langu" naye hajui kama fungu lake ni la eka moja au tano, wala mikarafuu kumi au mia, hajaacha kitu. Akifa kesho, wanawe watalirithi, na ugomvi utaanza upya kwa kizazi ambacho hakikuwapo siku ya pilau.

Kwa hiyo kuondoa kesi ni jambo moja, na kuiacha haki ni jambo jingine. Mtu anaweza kuondoa kesi na haki yake ikabaki mbele ya Allaah. Hata hivyo, aliyeiacha haki yake kwa njia iliyosihi harudi nyuma akasema nimejuta. Fuqahaa wamekubaliana kwamba haki iliyokwisha kuanguka hairudi.

Suluhu ipatikane kesi ikiwa bado ipo

Hakuna anayekataa ubora wa suluhu. Aya ya 128 ya Suratun-Nisaa imeisifu. Lakini tazama suluhu za Mtume (swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) zilivyokwenda.

Bi Ummu Salamah (radhiya Allaahu 'anhaa) amesimulia habari ya watu wawili waliomjia wakigombea mirathi ya zamani, hakuna mwenye ushahidi. Akawaonya kuwa yeye huhukumu kwa anayoyasikia, na kwamba anayepewa haki ya nduguye kwa ufasaha wa maneno anachukua kipande cha moto. Wakalia wote wawili, kila mmoja akamwambia mwenzake haki yangu ni yako. Lau ingekuwa sisi, tungesoma Fatiha tukaondoka. Katika upokezi wa Abu Daawuud, Mtume hakuishia hapo. Aliwaamuru wakagawane, waitafute haki, wapige kura, kisha ndipo kila mmoja amhalalishie mwenzake. Machozi yao hayakufuta mgawanyo.

Na Ka'b bin Maalik (radhiya Allaahu 'anhu) alikuwa akimdai Ibn Abi Hadrad deni ndani ya msikiti, sauti zikapanda mpaka Mtume akafunua pazia la chumba chake, akamwashiria Ka'b aache nusu. Ka'b akakubali papo hapo. Hapo Mtume akamgeukia mdaiwa, akamwambia ainuke alipe. Huku ni kuacha sehemu ya dai kwa hiari, na malipo ya sehemu iliyobaki yaliamrishwa pale pale.

Tukirudi Morogoro: wazee wakileta suluhu, ipokeeni, na kesi iahirishwe kwa sababu mnazungumza. Mahakama na mabaraza hupenda kusikia hivyo, na hakuna anayepoteza kitu. Mkikubaliana, tuseme wapwa wanabaki na upande wa juu na warithi wanachukua upande wa chini wenye mikarafuu, yaandikwe: mipaka kwa alama zinazoonekana, jina la kila mrithi, fungu la mtoto kama lilivyo, nani analipa gharama, lini ardhi inakabidhiwa. Pande zote ziweke saini, na hati hiyo iwasilishwe katika kesi ile ile. Amri ya 23, kanuni ya 3, inaitaka mahakama iyasajili mapatano halali na kutoa tuzo kwa mujibu wake. Tuzo ya makubaliano kwa kawaida haikatiwi rufaa, na upande mmoja ukigeuka, mwingine huomba itekelezwe bila ya kuanza kesi upya. Mapatano ya kuhalalisha haramu au kuharamisha halali hayafai, kwa hivyo mpeni kadhi au mwanachuoni ayatazame kabla ya saini, khasa penye mtoto.

Mdai ambaye baada ya yote haya ameamua kuondoa kesi bila mapatano, ama kwa kuwa ameiona haki iko kwa mwenzake, ama kwa kuwa ameamua kumwachia, afanye kwa maandishi au kwa kutamka mbele ya hakimu, aseme ni sehemu gani anaiacha na dhidi ya nani. Akifanya mapema, kabla mdaiwa hajaleta utetezi, gharama huwa ndogo au hazipo, na anaweza kuomba kila upande ubebe zake. Kisha achukue nakala ya amri yenye muhuri, aiweke pamoja na hati za mirathi.

Wallaahu A'lam.